Kofia ya Seneta Tillery

Jumatatu asubuhi, kabla wakulima hawajaanza kuingia, Nadine Stubbs alipanga upya makreti ya maziwa nyuma ya kaunta ya mgahawa wa Wilma. Juma lililopita kreti moja lilimtosha. Sasa ilibidi yapandane mawili mawili, kwa sababu kimo chake kilikuwa kimeshuka tena, kadiri ya upana wa kidole gumba. Alipomaliza alipita juu yake kutoka mwanzo wa kaunta hadi mwisho, jagi la kahawa mkononi, ajue kama yanayumba. Hayakuyumba. Akashuka, akafunga aproni shingoni maana ikifungwa kiunoni ilikuwa inaburuta, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni.

Katika jimbo letu jambo hili ni la kawaida na hakuna anayelipigia kelele. Kima cha chini cha mshahara hakijapandishwa tangu enzi ambazo simu zilikuwa na vitufe. Mkate umepanda, petroli imepanda, kodi ya nyumba ndiyo usiseme, na mtu anayelipwa kilekile huku kila kitu kikipanda hana budi kushuka. Wahudumu, wafagiaji, walezi wa wazee, wote wanapungua kidogo kidogo, bila maumivu. Duka kubwa la nguo pale barabara kuu limehamishia sare za kazi sehemu ya watoto, karibu na soksi zenye picha za bata. Huko bei ni nafuu, na wapo wanaoitaja hiyo kama faida.

Wahudumu wa migahawa wana mkasa wao wenyewe. Sheria inamruhusu mwajiri kuwalipa chini hata ya hicho kima cha chini, kwa hoja kwamba wateja wataziba pengo kwa bakshishi. Na wateja huliziba, kwa namna yao. Dereva wa lori akiacha noti nzuri kando ya sahani, Nadine hurefuka palepale, na kwa saa mbili tatu anaweza kufikia rafu ya sukari bila kuomba msaada. Kisha hurudi alikokuwa.

Siku mbaya ni Jumapili. Waumini wakitoka kanisani hula sana, hukaa sana, na baadhi yao huacha mezani vikaratasi vilivyochapwa vikafanana na noti ya dola ishirini, ambavyo ukivigeuza unakuta mstari wa Biblia na anwani ya kanisa. Nadine akikiona kimoja hurefuka hadi usawa wa mashine ya kahawa. Akikigeuza anashuka, na mara nyingine anapitiliza pale alipoanzia. Hana ugomvi na Biblia, ila magoti yanamuuma.

Jikoni alikuwepo Hoyt, mpishi, mzee ambaye sasa macho yake yalikuwa usawa wa vitufe vya jiko na ambaye aligeuza mayai akiwa juu ya ngazi ya kupakia rangi. Yeye alilipwa kima cha chini kamili, na kwa kuwa hakuna anayempa bakshishi mtu asiyemwona, alishuka tu bila kupanda.

"Mimi angalau najua niliko," alimwambia Nadine asubuhi hiyo. "Wewe kutwa kucha juu, chini, juu, chini, kama lifti ya hospitali."

"Lifti inalipwa kuliko mimi."

"Lifti ina chama cha wafanyakazi."

Kisha akafuta mikono, akawa hatanii tena. Hoyt ndiye aliyekuwa akimtengenezea Nadine vipande vya mbao vya kufunga kwenye pedeli za gari. Nadine aliishi mbali, ng'ambo ya maghala ya nafaka, mahali ambapo basi halijawahi kufika wala halijawahi kuahidi, na kila aliposhuka Hoyt aliongeza kipande.

"Hicho cha juzi ni cha mwisho, binti," alisema. "Nikiongeza kingine pedeli haitarudi juu. Ukishuka tena hufiki breki."

"Nisipoweza kuendesha nitafikaje kazini?"

"Hutafika."

"Na nisipofika kazini?"

"Nadine, mimi ni mpishi. Usiniulize habari za mwisho wa dunia."

Huo ndio uliokuwa wasiwasi wa Nadine, na hakuwa na mwingine mkubwa kuliko huo. Kuvaa sare ya mtoto alikwisha kuzoea. Kuitwa "kadogo" na watu aliowazidi umri alikwisha kuzoea. Lakini alikuwa na gari, na nyumba iliyomlazimu kuwa na gari, na kati ya mguu wake na breki palibaki nafasi ambayo karatasi ingepita.

Bi. Wilma mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kimo chake kilekile cha siku zote na alikionea aibu kidogo, akitembea ameinama mbele ya wafanyakazi wake. "Nikiwaongeza mimi peke yangu," alizoea kusema, "na yule wa ng'ambo ya barabara asiwaongeze wake, mwezi mmoja nimefunga. Wakituamuru sote, nitalipa na sitanung'unika." Kisha alilipa ada yake ya kila mwaka kwa chama cha wenye migahawa, ambacho kilitumia ada hizo kuhakikisha hakuna atakayeamuriwa. Yeye alilipia kalenda nzuri waliyokuwa wakigawa.

Na muswada wa kuwaamuru wote ulikuwepo. Kila mwaka Mheshimiwa Consuelo Barrientos, mbunge wa upande wa viwandani, aliuwasilisha katika bunge la jimbo, na kila mwaka uliingia kwenye droo ya mwenyekiti wa kamati ya kazi usitoke. Mwenyekiti huyo alikuwa Seneta Royce Tillery, mkulima wa ngano, ambaye alikula mayai yake kwa Wilma kila Jumatatu kabla ya kuelekea mji mkuu. Tillery alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo bila kejeli. Alikumbuka majina ya mbwa wa watu, na hakuwahi kuondoka mezani bila kuacha dola za maana.

"Mheshimiwa," Nadine alimwambia akimmiminia kahawa kutoka juu ya makreti, "ule muswada wa mama Barrientos vipi?"

"We Nadine, asubuhi yote hii unaniletea Barrientos?"

"Nimeleta kahawa. Yeye kaja nayo tu."

Tillery alicheka. Kisha akamtazama, akayatazama makreti, akahesabu kwa macho, akaacha kucheka.

"Umeshuka tena?"

"Nimeshuka. Sasa imefika hadi breki ya gari, naigusa kwa shida."

Seneta alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. "Haya. Njoo Alhamisi kwenye kamati uwaambie wenyewe kwa mdomo wako. Binadamu gani atakayekusikia wewe akakataa?" Akaacha noti mbili chini ya kisosa. Nadine alirefuka, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba utosi wa seneta ulikuwa na upara.

Alhamisi Bi. Wilma alimpa ruhusa bila malipo, akamfungia na kipande cha pai ya njugu za pekani. Nadine aliendesha hadi mji mkuu polepole, ukingoni mwa barabara, ncha ya kiatu ikigusa ubao na ubao ukigusa breki.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na dari ya mbali na zulia zito. Walianza wajumbe. Mmoja, muuza samani, aliuliza kama imethibitishwa kitaalamu kwamba ni watu wanaopungua na si meza zinazokua. Mwingine alieleza kwamba mtu mdogo anakula kidogo na anavaa kidogo, hivyo mshahara uleule unazidi kumtosha mwaka hadi mwaka, na kwa hesabu yake hiyo tayari ni nyongeza. Mwakilishi wa chama cha wenye migahawa alisikitika sana, akasikitika tena, halafu akasema kwamba wahudumu wakirefuka wote kwa mpigo migahawa italazimika kuinua dari, na gharama ya dari itaangukia bei ya pai.

"Shahidi anayefuata asimame," alisema Tillery.

"Nimesimama, mheshimiwa," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

Karani alileta vitabu vya sheria za jimbo, vile vya jalada gumu, akavipanga juu ya kiti. Nadine alipanda juu yake. Hata hivyo kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa chake, na kila aliposema ilibidi ainue kidevu kama mtu anayekunywa mvua. Mbele yake taa ya kijani iliwaka, maana mashahidi hupewa dakika chache tu, na taa nyekundu ikiwaka basi.

"Jina langu Nadine Stubbs," alisema. "Niko kwa Wilma tangu nimalize shule. Wengi wenu najua mnavyopenda mayai yenu. Sikuja kuomba niwe mrefu. Naomba nisishuke tena. Bakshishi zenu nashukuru, Mungu awabariki, lakini bakshishi inanipandisha mchana na jioni nimerudi. Siwezi kupanga maisha kwa kimo cha mchana. Breki ya gari langu iko mahali pake, waheshimiwa. Haishuki pamoja nami."

Muuza samani aliitazama meza yake. Macho ya Seneta Tillery yalijaa machozi ya kweli, yakamtiririka hadi kwenye masharubu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu, ghala la mtu likiungua, au kimbunga kikimchukulia paa, hatungoji serikali. Kofia inazungushwa. Babu zetu walifanya hivyo, na hakuna sifa tunayoipenda kuliko hiyo. Tillery alivua kofia yake pana nyeupe, akatia noti kubwa, akampa jirani yake. Kofia ilipita kwa wajumbe, ikapita kwa makarani, ikapita kwa watazamaji nyuma. Yule wa meza zinazokua alitoa. Yule wa kula kidogo alitoa. Mwakilishi wa chama cha wenye migahawa alitoa kuliko wote, tena aliikunja noti ili isionekane ni kiasi gani, akaikunjua kidogo ili ionekane.

"Mheshimiwa," alisema Nadine alipoiona kofia ikimjia, "naomba kwanza nimalize niliyo..."

Kofia ilikuwa tayari mikononi mwake. Alirefuka. Viatu vya sehemu ya watoto vilipasuka mishono. Mikono ya sare ilikwea hadi viwiko. Alipita usawa wa kipaza sauti, akapita usawa wa bendera, na kwa kuwa alikuwa bado juu ya sheria zote za jimbo, ilibidi ainamishe kichwa asigonge taa. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi, na watu waliofutana machozi walikuwa wa vyama vyote viwili.

Muuza samani aliomba nafasi. "Mheshimiwa mwenyekiti, shahidi huyu namwona kwa macho yangu. Ni mrefu kuliko mimi. Naomba suala hili liahirishwe hadi mwaka ujao, kwa kuwa limejitatua."

"Subirini jioni tu," alisema Mheshimiwa Barrientos. "Mkae naye mpaka jioni, mtamwona alivyo."

"Mama Barrientos," alisema Tillery kwa upole, "usimharibie mwenzako siku yake."

"Siku yake itaisha saa kumi na moja, Royce."

Nadine alisema kwamba mama Barrientos anasema kweli, kwamba yeye ni yuleyule, kwamba wamngoje. Lakini sasa kipaza sauti kilikuwa kwenye kiuno chake na taa nyekundu ilikuwa imewaka. Kamati ilipiga kura. Muswada ulirudi kwenye droo, na wajumbe walitoka mmoja mmoja wakimpa mkono, wakilazimika kuunyoosha juu, na kila mmoja alionekana amefurahi kuwa Mkristo.

Iliniuma mimi niliyesimuliwa, sembuse yeye. Lakini Nadine hakulia. Alikuwa na pai ya kula na safari ya kurudi.

Kwenye gari magoti yake yaligonga usukani, hivyo akavifungua vipande vya Hoyt kwenye pedeli akavitupa kiti cha nyuma. Aliweka miguu mitupu juu ya chuma chenyewe. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka, na ilikuwa raha. Aliendesha katikati ya njia yake kama watu wengine, kiwiko dirishani, na malori yalimpigia honi kwa heshima. Alipofika maghala ya nafaka jua lilikuwa linaegemea. Akaona ukingo wa usukani unapanda mbele ya barabara. Akaona kioo cha kutazamia nyuma kinaonyesha dari. Kisha miguu yake iliachana na pedeli, taratibu, jinsi watu wanavyoagana kituoni.

Hakupiga kelele. Alizima ufunguo, akashika usukani, akauelekeza mahali palipokuwa laini. Gari liliacha lami, likaingia kwenye ngano changa, likapunguza mwendo, likasimama. Ilikuwa ngano ya Seneta Tillery, kwa kuwa pande zile ngano karibu yote ni yake.

Askari wa wilaya aliyefika alikuwa Dwight Ogle, ambaye Nadine alisoma naye. Alimsimamisha kando ya gari, akampima kwa usawa wa mkanda wake wa kiunoni.

"Nadine, hunifiki kiunoni."

"Asubuhi nilifika breki, Dwight."

"Na sasa?"

Dwight aliichukua leseni ya Nadine, akaitia mfukoni mwa shati akiwa ameangalia pembeni. "Sheria ni sheria," alisema. Kisha akambeba hadi kwenye gari la polisi, kwa sababu ngano ilikuwa imelowa na Nadine alikuwa na miguu mitupu.

Habari za ajali zilifika mji mkuu siku iliyofuata na bunge likashtuka mno. Lilipitisha sheria mchana huohuo, kura zote, hata ya Barrientos, ambaye alisema afadhali hiyo kuliko maiti. Sheria inamtaka kila mfanyakazi aliyepungua kupita kimo fulani aketi kwenye kiti cha mtoto cha kufungiwa mkanda anaposafiri garini. Chama cha wenye migahawa kiliunga mkono. Kwenye kalenda ya mwaka huu mwezi wa Mei una picha ya kiti hicho.

Tillery alikuja mwenyewe kwa Nadine, kofia mkononi, kumwambia asijali kuhusu ngano. Na kwa kuwa Nadine hakuwa na leseni, na kazini lazima afike, seneta alijitolea kumpeleka kila Jumatatu, maana njia yake ni hiyohiyo. Siku nyingine alipelekwa na mke wa seneta, au Dwight, au mchungaji wa kanisa lenye vile vikaratasi. Watu walipanga zamu bila kuombwa. Hakuna mtu kwetu aliyekataa, na Nadine hakuchelewa kazini hata siku moja.

Jumatatu moja mwishoni mwa masika Tillery alimfunga mkanda kwenye kiti cha mjukuu wake, akahakikisha haumbani shingo, wakaondoka. Nadine aliona dashibodi, anga, na waya za simu. Seneta alimtupia jicho akaona shingo yake inajitahidi kuelekea dirishani. Akachomoa dola mfukoni, akamwekea mapajani. Nadine alirefuka hadi usawa wa kioo.

Nje ngano ilikuwa imesimama pande zote mbili za barabara, imeshaanza kuchukua rangi.

"Imerefuka kweli mwaka huu," alisema Nadine.

"Si nimeilisha." Tillery alipunguza mwendo ili aione vizuri. "Mbolea imepanda bei wewe, wacha tu. Lakini utafanyaje? Ardhi haijui bei. Ukiipa kile ulichoipa miaka kumi iliyopita itakutolea majani ya kufika hapa." Alionyesha kwenye goti lake. "Kila mwaka lazima uongeze. Mkulima asiyejua hilo sijui anajua nini."

"Kila mwaka," alisema Nadine.

"Kila mwaka."

Nadine alimgeukia. Seneta alikuwa anatazama barabara, ametulia, mtu mwema anayekwenda kula mayai. Nadine akarudisha uso dirishani, akaitazama ngano mpaka aliposhuka tena na ukingo wa mlango ukampita macho.